Nafasi Kati ya Mingazi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nilipokuwa nateremka kutoka upande wa Buleusa, mfuko mmoja begani na njaa ya jana tumboni, nikasikia vicheko vya wanawake kutoka ndani ya miti. Nilisimama. Miti ile ilikuwa mingazi, michikichi ya mafuta mekundu, na mimi nilikuwa nimezoea kwamba chini ya mingazi kuna giza, majani makavu na nyoka. Hapa jua lilikuwa linafika mpaka chini. Katikati ya mistari ya miti kulikuwa na karanga za kijani, na maharagi yamejizungusha kwenye vijiti, na wanawake wameinama na majembe yao wakitaniana.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini nakuandikia. Juzi hapa Kingi, huku juu kwenye milima ya Masisi, kijana mmoja alinionyesha kwenye telefone yake watu wa pwani, mbali kule kwenye bahari, wanaolima muhogo na mananasi katikati ya minazi. Minazi sisi hatuna. Milima yetu haiitaki. Lakini kijana yule ana kipande cha ardhi ya babu yake kule chini Walikale, chenye mingazi, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Babu, angalia," akaniambia, "ile nafasi yote ya katikati iko ya bure!" Sikumjibu palepale. Kuna maneno ambayo ukiyajibu haraka unayaharibu. Nilirudi nyumbani kwangu, na lile neno "bure" likakaa nami kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliiacha mapema, na hakuna aliyenifukuza. Siku moja nilifuata ng'ombe za watu waliokuwa wanahama malisho, kwa sababu nilitaka kujua zinalala wapi. Kesho yake nikataka kujua njia ile inafika wapi. Nilibeba maziwa ya wafugaji wa huku juu, nilishona nyavu za watu Bweremana pale ziwani, nilisukuma mizigo ya chumvi ya wachuuzi. Kila mahali niliuliza maswali mpaka watu wakachoka, kisha nikaondoka kabla hawajanichoka mimi mwenyewe. Wazee walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi yangu nimeila mpaka kwenye magoti.

Basi asubuhi ile niliwasalimia wale wanawake. Mmoja wao, mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani, alijinyoosha akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. Huyo alikuwa Mama Riziki, na baadaye nilijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa shamba lile.

"Weye kijana, ile kofia iko ya watu ya Masisi," akasema. "Unatafuta ng'ombe? Huku hatuna ng'ombe. Huku maziwa yetu iko nyekundu."

Wenzake wakacheka mpaka wakaegemea majembe.

"Mama, miye natafuta kazi," nikamwambia.

"Kazi iko kule juu." Akanionyesha kwa jembe kilele cha mungazi mrefu. "Unajua kupanda?"

"Nitajifunza."

"Eh, bamama, mumusikie! Atajifunza! Ukianguka, kijana, uangukie upande ya kule. Usituharibie karanga."

Ndivyo nilivyopelekwa kwa mwenye shamba, Papa Byamungu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo sikumwona akilivua hata jua likiwaka. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Watoto wa kiume walikuwa wamekwenda Goma na mbele zaidi ya Goma. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Bweremana. Alikaa peke yake katika nyumba ya mbao kwenye ukingo wa shamba. Aliniuliza jina la baba yangu, akaniuliza kama ninakula sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na chumvi nyingi, akanionyesha pa kulala. Mahojiano yakaishia hapo.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha duara chini ya kila mungazi ili matunda yanayodondoka yaonekane, kukata majani makavu na kuyalaza mstari mmoja, kubeba mikungu ya matunda, na polepole kujifunza kupanda juu kwa mshipi, ule unaokuzunguka wewe na shina. Nilijifunza mengi pale, na mengine nikupe sasa hivi kabla sijasahau. Usilete jembe karibu na shina, kwa sababu mizizi ya mungazi haiendi mbali chini. Imelala juujuu kama mishipa ya mkono wa mzee. Karanga na maharagi ni wageni wazuri, wanakula kidogo na wanaacha ardhi nzuri. Muhogo uusogeze mbali, kwa maana siku ya kuuchimba utakata mizizi ya mwenzake. Kolokasi, yale magimbi, weka pale kwenye kivuli na maji. Na ujue kwamba jua la chini ya mingazi ni la kuazima: miti ikiwa midogo unalo tele, ikikua inalichukua, isipokuwa kama yule aliyepanda alikufikiria.

Papa Byamungu alikuwa amefikiria. Mingazi yake ilikuwa imeachana mno. Nimepita mashamba mengi, mwanangu, na sijaona mtu anayeacha nafasi kama ile. Ungeweza kuingiza mistari mingine kati ya mistari yake na miti isingegusana mabega. Ni kwenye kona ya juu tu palikuwa na miti michache mirefu sana, iliyosongamana, ya wakati wa baba yake.

Nilimwuliza, kama nilivyomwuliza kila mtu kila kitu.

"Papa, kwa nini uliacha nafasi kubwa hivi?"

"Iko ya kupumua," akasema.

"Miti njo inapumua?"

Akaniangalia, akatabasamu kidogo, akaendelea kunoa panga lake. Nilidhani hajui. Kijana akikosa jibu, hudhani jibu halipo.

Jambo lingine niliona na sikulielewa. Wanawake wale hawakuwa ndugu zake. Aliwaachia tu nafasi za katikati, kila mmoja na kipande chake, na wakati wa mavuno walimwekea bakuli la karanga mlangoni, basi. Na hakuwa mtu wa maneno nao. Walipokuwa wanalima, yeye alikaa kizingitini kwake akisuka vikapu, nao wakisemezana huko mbali juu ya mchungaji aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe, ao juu ya mume wa fulani anayeogopa bata. Naye peke yake kule kizingitini mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Hakuna aliyekuwa anaongea naye, lakini alikuwa anacheka.

Siku moja habari ikaja kwamba binti yake wa Bweremana amejifungua na hali yake si nzuri. Mzee akafunga vitu vyake kwenye kitambaa.

"Uniangalilie shamba," akaniambia.

"Nitaliangalia, Papa. Ukirudi utafurahi."

Mwanangu, jihadhari na mtu anayekuahidi kwamba utafurahi bila kukuuliza unafurahishwa na nini.

Karanga zilikuwa zimetoka kuvunwa. Ardhi ya katikati ilikuwa wazi, nyeusi, inanukia. Niliiangalia siku nyingi, na kila nilivyoiangalia niliona hasara. Chini ya ile miti mirefu ya kona ya juu kulikuwa na miche mingi iliyojiotea yenyewe kutokana na matunda yaliyoanguka. Niliichimba pamoja na udongo wake, nikaibeba kwa kikapu, nikavuta kamba ili mistari inyooke, nikaipanda katikati ya nafasi, mmoja baada ya mwingine, katika vipande vyote. Nilifanya kazi ile nikiimba. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile katika maisha yangu. Nilisema moyoni: mzee huyu amezeeka, hana mtoto wa kumwonyesha, mimi nitampa mafuta mara mbili, naye ataniambia kaa hapa, usiende tena. Ndiyo, mwanangu. Mimi niliyekuwa nakimbia kila mahali, pale nilitaka kuambiwa kaa.

Wanawake walikuja asubuhi moja na mbegu za maharagi kwenye vikapu vyao. Mama Riziki alitangulia. Alifika kwenye kipande chake, akauona mche uliosimama katikati, akasimama. Akageuka, akaangalia kipande cha mwenzake. Na cha mwenzake. Nilimkimbilia nikifuta udongo mikononi.

"Mama Riziki! Unaona kazi yangu?"

Nilingoja utani. Nilikuwa tayari kwa utani. Yeye akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kanisani: "Tumeona. Aksanti kwa Papa."

Nilidhani ni sifa. Nilisimama nikitabasamu wakati walipokuwa wanang'oa vijiti vya maharagi vya msimu uliopita na kuvifunga vizuri. Mmoja aliokota mawe matatu ya jiko lake dogo alilokuwa anapikia mchana, akayaweka kando ya njia, mbali na shamba. Waliondoka mmoja nyuma ya mwenzake. Hawakurudi kesho. Hawakurudi kesho kutwa. Nikasema kuna msiba mahali. Nikasema kuna mkutano wa kanisa. Mvua ikaanza, wakati wa kupanda ukapita, na majani yakaota katika vile vipande vilivyokuwa safi kama ua wa nyumba.

Sijui nikuelezeeje ukimya ule. Nimelala peke yangu msituni, nimelala peke yangu kwenye vibanda vya watu waliokimbia na kuacha sufuria mekoni, na sikuogopa. Lakini shamba ambalo lilikuwa na sauti, kisha sauti zikatoka, linatisha kuliko msitu. Ndege tu, na tunda la mungazi likidondoka. Nilianza kuongea peke yangu. Nilianza kuelekea njiani saa za mchana nikijifanya natafuta kuni, nipate tu kumsalimia mtu anayepita. Waliopita walinisalimia vizuri na wakaenda.

Papa Byamungu akarudi. Binti yake alikuwa amepona, na mtoto alikuwa mzima, na kwa furaha ile alikuja akitembea haraka. Nilimwona akifika kwenye mti wa kwanza. Mwendo ukapungua. Aliingia shambani, akapita katikati ya miche yangu bila kuigusa, akaenda mpaka mwisho, akarudi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alikula ugali nilioupika, akanishukuru, akalala.

Kulipokucha alichukua mshipi wa kupandia na panga, akaelekea kwenye ile miti mirefu ya baba yake.

"Papa, wacha nipande miye," nikamwambia. "Hiyo njo kazi yangu."

"Hapana. Uikale chini."

Alipanda. Miaka ile yote katika magoti yake, na mvua ilikuwa imenyesha, na shina lilikuwa linateleza. Niliona nyayo zake zikitafuta mahali pa kushika, mshipi ukikwaruza, koti lake likipepea. Nilikuwa nimenyoosha mikono kama mtu anayeweza kumdaka mwanadamu kutoka juu kule. Alipofika chini ya kilele alijifunga, akatulia. Sikusikia panga. Kisha sauti yake ikashuka, tulivu kabisa.

"Kijana. Ita muntu."

"Nani, Papa? Umeumia?"

"Sijaumia. Ita muntu."

"Nimuite nani?"

"Muntu yeyote. Ita."

Nikaita. Niliita, "Mama Riziki!" Niliita majina ya wale wengine wote. Niliita, "Benye kuwa karibu, mukuje!" Sauti yangu ilikwenda katikati ya mingazi ikapotelea kwenye majani. Ndege wakaruka, wakatua tena. Niliita mpaka koo likauma, na mwisho nilikuwa ninaita kweli, mwanangu, si kwa kutii. Nilikuwa ninaita kama mtu aliyepotea.

"Umesikia?" akauliza kutoka juu.

"Sijasikia kitu, Papa."

"Njo hivyo."

Akakata mkungu mmoja, akashuka polepole. Alikaa kwenye jani kavu, akafungua mshipi, akapumua muda mrefu. Kisha akaongea, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea maneno mengi.

"Baba yangu alipanda hii miti karibu karibu," akasema. "Mafuta ilikuwa mingi. Batu balimusifu. Chini ya miti ilikuwa giza, hakuna mama wa kulima mule, watu walikuwa wanakuja siku ya kukata tu. Asubuhi moja akapanda peke yake, kamba ikakatika. Hakufa palepale, kijana. Tuliona vile alijikokota kwa mikono, majani ilikuwa imelala njia yote. Aliita. Najua aliita. Nani angemusikia? Tulimufikia, inzi balikuwa bamekwisha kumufikia."

Sikuwa na pa kuweka macho yangu.

"Miye nikapanda mbali mbali. Batu bakanicheka, eti Byamungu anatupa ardhi. Nikaita bamama, nikabaambia mulime. Hawajui sababu, na sikubaambia. Miye nikiwa kule juu, nasikia Mama Riziki anasema uongo yake chini, najua niko salama. Sasa weye umejaza nafasi."

"Papa, miti inaweza kung'olewa. Kwa nini hawakusema? Kwa nini Mama Riziki hakuniuliza?"

Ndipo akanifundisha kitu ambacho kila mtoto wa kule alikijua isipokuwa mimi. Katika vijiji vile, mtu aliyeazimwa nafasi anapanda vitu vya msimu tu, karanga, maharagi, mahindi. Mti hapandi, kwa kuwa mti ni kusema hapa ni pangu. Na mwenye shamba akitaka nafasi yake irudi, hamwambii mtu kwa mdomo, kwa sababu kumfukuza mama mbele ya wenzake ni aibu kwa wote wawili. Anapanda mti mmoja katikati ya kipande, basi. Mama akija anaona, anashukuru, anachukua jembe lake, na salamu zao njiani zinabaki vilevile. Hakuna ugomvi. Hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza ni kumlazimisha mzee kusema kile alichokuwa anakificha kwa heshima.

Mwanangu, nilikuwa nimewafukuza wote, kwa mstari ulionyooka, nikiimba.

Tuling'oa miche siku ile ile. Kesho yake tukaenda nyumba kwa nyumba, mzee mbele, mimi nyuma na kikapu cha miche kichwani, ili kila mmoja auone mti wake umetoka ardhini. Watu walitoka kuangalia. Mimi mwanaume mzima na kikapu kichwani kama mama anayempelekea bibi harusi vyombo, lakini hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

Mama Riziki alikuwa anamenya muhogo mlangoni kwake. Alitukaribisha, akatupa viti, akamsikiliza mzee mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

"Ni weye ulipanda? Peke yako?"

"Ni miye, Mama. Sikujua."

"Na miguu yote ile umetembea, hakuna mahali walikuambia?"

"Hapana, Mama."

Akatikisa kichwa. Akamgeukia mzee, na sauti yake ikalainika. "Papa, tuko tumepanda tayari kule ng'ambo ya mto. Shamba iko mbali na iko ya mawe, lakini mbegu iko chini. Mbegu haisimame ikatembea."

"Najua," mzee akasema.

"Basi tutaona musimu ingine."

"Mutaona."

Nyumba zote zilitujibu hivyo, kwa maneno yao. Maji yakimwagika hayazoleki. Unangoja mvua nyingine. Tulirudi na kikapu chetu. Njiani nilimwambia mzee kwamba nitaondoka kesho, kwa sababu sistahili kukaa kwake. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa inawasha. Nilikuwa nimezoea dawa moja tu ya kila kosa, nayo ni njia.

"Kwenda iko rahisi," akasema bila kugeuka. "Weye unajua kwenda. Sasa ujue kubakia mahali umeharibu."

Nikabaki. Msimu ule ulikuwa mrefu kuliko mingine yote niliyoishi. Mzee hakupanda tena juu ya mti, nami nilipopanda yeye alisimama chini, akikohoa mara kwa mara nijue yupo. Mikungu mingi iliozea juu. Nililima vile vipande mwenyewe ili visigeuke pori, na nilipokuwa nalima nilijilazimisha kusema kwa sauti, hadithi za ng'ombe, za ziwa, za wachuuzi, ili yeye kule kizingitini asikie kitu. Sikuwa Mama Riziki. Mabega yake hayakutikisika. Lakini alisogeza kiti chake karibu.

Mvua za kwanza zilipokuja, hakuna aliyekuja. Ardhi ilikuwa tayari, laini, na mzee alivaa koti lake asubuhi na mapema, akakaa nje akiangalia njia. Tulikunywa uji tukiangalia njia. Wiki ile mbegu za watu wengine zilianza kuchomoza huko ng'ambo. Nikasema moyoni, imekwisha.

Kisha alitokea mtu mmoja na kikapu mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Ni Mama Riziki. Alipita mbele yetu, akaenda mpaka kipande chake cha zamani, akakizunguka mara mbili akitafuta kitu chini. Hakuona mche wowote. Akarudi mbele ya mzee.

"Papa, pale iko kwa nani?"

"Iko kwako."

"Mpaka lini?"

Mzee akanyanyuka kwenye kiti. Sikuwahi kumwona akinyanyuka kwa ajili ya mtu. "Mpaka utachoka weye, ao mpaka nitakufa. Na kabla ya kufa, hao batoto ya Goma nitabaambia."

"Aya," akasema Mama Riziki. Akaniangalia mimi. "Na huyu muntu ya ng'ombe, mumufunge kamba ya mikono."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, mwanangu, kwa sababu sikutaka wanione.

Baadaye alirudi mwingine mmoja. Wale wengine walikuwa wamezoea ng'ambo ya mto, na mmoja alihama kabisa wakati watu wa kijiji chake walipohama. Shamba halikupata tena sauti zote lilizokuwa nazo. Ninakuambia hilo kwa sababu wazee wengi wanapenda kumaliza hadithi kwa kila kitu kurudi mahali pake, nami sitaki kukudanganya. Kulikuwa na vipande ambavyo mimi ndiye niliyevilima mpaka siku ya kuondoka kwangu.

Kwa maana niliondoka. Mzee hakunifukuza, aliniambia hata nipande mungazi mmoja kwa mkono wangu, mahali atakaponionyesha yeye. Unajua sasa maana yake. Nikasema nitaupanda nikirudi kutoka safari fupi. Safari ile fupi ilinipeleka mbali, na zilipita mvua nyingi kabla sijakutana na mchuuzi wa chumvi aliyetoka kule. Aliniambia Papa Byamungu amefariki. Nikamwuliza jambo moja tu: alikuwa na nani?

Alisema wanawake walikuwa wanapalilia, wakaona moshi hautoki kwenye jiko la mzee. Mama Riziki akatupa jembe, akaenda akasukuma mlango. Alikuwa bado hai. Waliketi naye, wakamsafisha, wakamwimbia, na mchana ule alikwenda akiwa ameshikwa mkono. Mchuuzi yule alisema pia kwamba kabla hajaenda alikuwa anacheka kitu alichoambiwa. Hilo mimi naliamini.

Sasa mimi niko hapa Kingi, katika nyumba ambayo hata si yangu. Asubuhi naamka, nawasha moto, natazama moshi ukipanda kuelekea malisho ya watu. Sina uhakika kama kuna mtu upande mwingine wa mlima anayeutazama. Huwa nasema nao, moshi ule, na nina mazungumzo mazuri sana na kuku wa jirani. Usinihurumie; kila mtu hula alichopika. Nakuambia tu ili ujue najiuliza mimi pia swali lile nililomwuliza mchuuzi, na jibu lake bado sijalipata.

Kwa hiyo, wewe kijana wa telefone, na wewe mwanangu unayesoma, nakwambia hivi. Lima katikati ya mingazi yako, ni jambo jema, ardhi itakushukuru. Lakini kabla hujaingiza jembe mahali unapoona patupu, uliza nani alikuwa anapumua pale. Uliza wanawake kwanza, kisha wazee, kisha uulize tena. Ukifika kijiji cha watu, jifunze mambo wanayoyasema bila mdomo, kwa maana hayo ndiyo mazito. Ukipewa shamba, usilijaze lote kwa mali yako. Acha jua lifike chini, na umpe mtu nafasi hata kama hakupi kitu, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa, na mafuta mengi hayajawahi kumsikia mtu aliyeanguka. Ukiharibu, usikimbie, kaa hapo mpaka msimu ugeuke, hata wakirudi wawili tu. Na mtu akikuambia panda mti kwangu, mwanangu, acha safari, chukua jembe, upande siku hiyohiyo.

Mungu akupe ardhi pana na moyo mpana zaidi yake. Akupe majirani wanaosema sana, hata wakikuchosha. Siku utakayoita, na upate mtu wa kukuitikia kabla hujamaliza jina lake.